Uhuru wa Kuabudu na Kifo cha Mary Dyer
Je, anayedai uhuru wa kuabudu ana wajibu wa kumpa mwenziwe uhuru huo huo? Wapuritani waliihama Uingereza wakikimbia mateso. Ilhali huko Massachusetts, kati ya 1659 na 1661, waliwanyonga Marafiki wanne, yaani Wakweka. Mary Dyer alinusurika 1659 kitanzi kikiwa shingoni, akarejea Boston 1660, akanyongwa. Wapo wadaio kuwa alijitakia. Lakini sheria ilimfukuza kwa ajili ya imani yake. Kuitii kungekuwa kuihalalisha. Wapuritani walidhani uhuru ni haki ya mwenye ukweli pekee. Ikiwa ndivyo, hawakuwa na hoja dhidi ya waliowatesa Uingereza, kwani hao nao walijiona wenye ukweli.