Haki ya Njia na Miguu Yetu

Ndugu zetu, tuliulizwa darasani swali hili: mtu mwenye chombo, akakipanda kutoka mlangoni pake mpaka mlangoni pa msikiti, na baina ya milango hiyo ni hatua mia tatu, je, ana kosa? Aliyeuliza alicheka, na waliohudhuria wakacheka. Sisi twaona swali halikustahiki kuchekewa.

Ama kwa upande wa halali na haramu, jawabu ni fupi: hana kosa. Chombo ni neema, wala hatuna ruhusa ya kuharamisha kilichohalalishwa. Lakini si kila lisilokuwa haramu hukosa hasara, na hasara ya jambo hili tumeionja wenyewe.

Kwa muda wa miezi tulizoea kupanda tuktuk kwenda darasani. Njia hiyo hupita mbele ya nyumba ya mzee mmoja, ambaye kila alasiri hukaa barazani kwake. Siku moja tuktuk haikupatikana, tukaenda kwa miguu, na kwa hayo tukaona kwamba baraza ni tupu. Tukapiga hodi. Tukaambiwa kuwa mzee yu kitandani, na hiyo ni wiki ya tatu. Basi wiki tatu tumempita mara mbili kwa siku, hali twaenda kuwasomesha watu haki ya mgonjwa kuzuriwa!

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba aliyepanda amsalimu aendaye kwa miguu, na aendaye amsalimu aliyekaa. Adabu hii yataka watu waonane. Aliyefunga vioo vyeusi vya gari yake atamsalimu nani, na ni nani atakayemwitikia?

Na Banu Salima, ambao makazi yao yalikuwa mbali na msikiti wa Madina, walipotaka kuhama ili wawe karibu, Mtume aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zaandikwa. Imepokewa pia kwamba alichukia pembezoni mwa mji kuachwa tupu. Tazameni basi: thawabu ya hatua zao, na mji kubaki na watu wake, mambo mawili haya yalikwenda pamoja.

Waganga nao wana lao. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima ahitaji kuushughulisha mwili kwa kiasi cha kati, kama kutembea kwa haraka kidogo, dakika 150 kwa wiki zisipungue. Mwenye msikiti wa dakika kumi, akiuendea na kurudi kwa miguu kwa sala moja tu kila siku, amekwisha pata dakika 140. Ingawa aendaye kuswali huamrishwa utulivu, basi haraka na aifanye wakati wa kurudi.

Lakini maneno haya hatumwambii kibarua atokaye Kibera alfajiri kwenda viwandani kwa miguu kwa kukosa nauli. Huyo atembea kutushinda sote, na kumhimiza ni kumdhihaki. Yeye atudai jambo jingine, nalo ni njia. Katika nchi yetu ya Kenya, waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani. Nasi twaegesha gari mahali pa kupita watu, twapanga bidhaa mpaka katikati ya njia, twamwaga maji machafu uchochoroni, kisha twasoma kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani! Hata Lamu, ambako vichochoro vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, pikipiki zimekwisha ingia. Mwenye kuziba njia asijitetee kwamba hakumpiga mtu. Amemsukuma mama mwenye mtoto mgongoni mpaka penye magari.

Mzee wetu amepata nafuu, na alasiri yuko barazani. Kila tupitapo hutuuliza kama tuktuk yetu imeharibika.