Deni Kabla ya Mgeni

Uingiapo mwezi wa Mlisho nyumba hushughulika kumngoja mgeni mtukufu, Ramadhani: unga husagwa, tende na samli huwekwa akiba, na mwisho watu huvunja jungu. Haya si haramu maadamu hayana israfu. Lakini je, aliyejaza ghala, naye ana deni la saumu shingoni, amejiandaa?

Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa na siku za kulipa, asipate kuzilipa ila katika Shaabani. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema: mwenye kuakhirisha kadha bila udhuru hata ikaingia Ramadhani nyingine amepata dhambi, atalipa saumu, na kila siku atatoa kibaba 1 cha chakula.

Na walio wengi wenye deni hili ni wanawake, kwa hedhi na nifasi. Basi mume amtakaye mkewe avunje naye jungu, na siku zilizosalia ni kadiri ya deni lake tu, amemdhulumu. Hana haki ya kumzuia.

Nyumba iliyolipa deni, ijapofuturu kwa tende na maji, imempokea mgeni wake kwa heshima.