Ramadhani, Siku ya 18: Nyasi za Upande wa Pili wa Bikoni

 

Juzi baada ya tarawehe mzee mmoja mfugaji wa upande wa Itilima alinivuta pembeni. Akaniambia: "Shehe, nyasi naziona kwa macho yangu. Ng'ombe wangu wanakonda huku. Kati yao na zile nyasi kuna bikoni tu. Hiyo ni haki?"

Swali hilo si la mzee peke yake. Ni la kwako pia, wewe unayesoma hapa Bariadi, Lamadi au Meatu, hata kama hufugi kuku. Je, inafaa kukizuia kitu ambacho mwenye shida anakihitaji leo, kwa ajili ya watu ambao hata hawajazaliwa?

Wengi wetu tunaishi jirani na Serengeti na hatujawahi kuingia. Mimi niliingia mara ya kwanza mwaka 1989, nikiwa darasa la pili. Marehemu baba na walimu wenzake walichanga hela ya mafuta ya Land Rover ya kuazima, tukapita Lamadi hadi geti la Ndabaka. Karibu na mto Grumeti baba alizima injini, akatukataza kuongea. Nyumbu walipita mbele yetu kwa muda ambao mtoto huwezi kuupima. Mwezi Juni mwaka jana nilirudi na vijana wa madrasa. Bariadi hadi Lamadi siku hizi ni lami, unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Baba hayupo. Nyumbu wapo. Kijana mmoja akaniuliza, "Ustadhi, enzi zenu si walikuwa wengi zaidi?"

Ndivyo tulivyozoea kudhani, kwamba zamani kila kitu kilikuwa tele na sisi tumekuja kupunguza. Lakini hesabu zinasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja na laki tatu. Kilichowazuia ni sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe ulioingia kwetu miaka ya 1890. Ng'ombe wa vijijini walipochanjwa, sotoka ikaisha porini pia. Kwa hiyo alichonionyesha baba, babu yangu hakukiona akiwa mtoto. Na chanjo iliyomwokoa nyumbu ilichomwa kwenye ng'ombe wa mfugaji!

Kuna na upande wa pili. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia kwa simba, karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti wakafa. Ndiyo maana baadaye mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa. Vifaru ndio hasara nyingine: majangili wa miaka ya 1970 na 1980 waliwamaliza karibu wote. Mwaka 1989 hatukuona hata mmoja, na mwaka jana hivyohivyo. Basi bikoni inamzuia ng'ombe, lakini haizuii ugonjwa wala tamaa. Tunalolifanya zizini kwetu linafika kule.

Turudi kwa mzee. Kuzuia malisho si jambo lililoletwa na Wazungu. Wasukuma wana ngitili: mvua zikianza eneo linafungwa, kiangazi kikikaza linafunguliwa kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulima. Wakubwa mnaikumbuka HASHI, mradi ulioanza mwaka 1986 tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, ulivyozihuisha ngitili hizo. Na katika dini yetu ipo himaa. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alitenga malisho ya Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akaufanya mji wa Madina kuwa haram, wanyama wake wasiwindwe na miti yake isikatwe.

Sayyidna Umar naye alikuwa na himaa, kule Rabadha. Imam Bukhari amepokea alivyomuusia msimamizi wake, Hunayy. Alimwambia aogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache amruhusu kuingia. Lakini mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan aizuie. Hao ni masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo! Sababu aliyoitoa Umar ni kwamba matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, ila maskini akifiwa na mifugo atamjia na watoto wake, naye Umar hataweza kuwatupa. Na alikiri kwamba ile ardhi ni yao, waliipigania tangu zama za ujahilia.

Tazama alivyofanya. Himaa hakuifuta, na wala hakuilinda kwa kumsahau jirani wa himaa.

Sasa tuseme ukweli kidogo. Ng'ombe mia tano wanaoingizwa hifadhini usiku mara nyingi si wa yule kijana anayewachunga. Ni wa bwana mkubwa mjini. Akikamatwa, anayelala ndani ni kijana, na anayesemewa mtaani ni "mfugaji maskini". Huyo bwana ndiye aliyezuiwa na Umar. Kwa upande mwingine, mama wa Busega ambaye tembo wamemlia mahindi usiku mmoja analipa gharama ya amana ambayo dunia nzima inaifurahia. Kifuta jasho akikipata, akipate mapema, na kisiwe kama sadaka anayopewa mtu aliyenyoosha mkono. Wamaasai waliohamishwa Serengeti mwaka 1959 nao walilipa. Mwalimu Nyerere alipotangaza Arusha mwaka 1961 kwamba wanyamapori ni amana, aliahidi kwa niaba ya watu wote. Lakini mzigo wa amana ile hatuubebi sawasawa.

Na wewe uliyefunga leo, saa hizi kuna maji mtungini. Ni halali yako, umeyalipia, na kiu unayo. Hujayagusa, na hakuna askari wa doria jikoni kwako. Mtume ameufananisha mpaka wa Allah na himaa ya mfalme, na anayechunga kando yake yu karibu kuingia. Mwezi mzima tunafundishwa kusimama kando ya kitu bila kukigusa. Lakini mgonjwa na msafiri wamefunguliwa. Aliyeweka mpaka ndiye aliyeweka na mlango, hakumwachia mwenye shida auvunje ukuta.

Mzee nimemjibu hivyo: mpaka ni haki, kukosa mlango wakati wa ukame si haki, na mlango huombwa mchana, kwenye mkutano wa kijiji, kwa majina na idadi ya ng'ombe. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na mwenye mia tano naye atakuja kwenye huo mkutano?" Nikamwambia lazima aitwe.

Kesho in shaa Allah, zaka ya mifugo: ng'ombe wakifika 30, mbuzi na kondoo 40. Wenye mifugo msikose, na mwenye mia tano mtumieni ujumbe huu.