Kufa na Mabomu Mkononi

Mpwa wangu alisubiri nimalize kula, ndipo akauliza. "Mjomba, nataka kujiwekea sharti. Nianze na lipi?"

Alikuwa amekaa sakafuni, kompyuta mpakato juu ya kigoda, waya umechomekwa ukutani kwa sababu betri yake ilishakufa zamani. Amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Mchana anachunga, usiku anacheza. Wapo hapa Balangdalalu wanaosema kijana kama huyu angelala mapema. Analala, na ng'ombe hawajawahi kupotea.

Gemu lenyewe aliletewa kwenye flashi na rafiki yake wa Katesh. Binti mmoja anaruka angani, na kutoka juu anamwagiwa risasi za rangi zote mpaka unajiuliza apite wapi. Wajapani huita michezo ya aina hii danmaku, yaani pazia la risasi. Hili ni la sita katika mfululizo wa Touhou, lilitoka Agosti 2002, na mtu mmoja tu, Jun'ya Ōta anayejiita ZUN, ndiye aliyeandika programu yake, akachora picha na kutunga muziki. Nimelitazama mwezi mzima nyuma ya bega la mpwa wangu na linanivutia kwelikweli. Risasi haimuui yule binti kwa kugusa nguo wala nywele zake. Mpaka ifike kwenye nukta ndogo katikati ya mwili. Kwa hiyo pale jicho linapoona ukuta, mara nyingi ipo njia. Mchungaji analijua hilo. Ukitaka kupita kati ya ng'ombe mia moja wanaoshuka kulamba chumvi ziwani Balangida Lelu, huangalii pembe, unaangalia nafasi.

Waliokwisha kulizoea gemu hujiwekea masharti ambayo mtengenezaji hakuyaweka. Kuna wasiotumia hata moja kati ya mabomu yao, yale yanayofuta risasi ukizidiwa, na kuna wasiogusa kitufe cha kupunguza mwendo. Wengine hawafyatui kabisa: wanakwepa tu mpaka muda wa bosi, adui mkuu wa hatua, uishe aondoke mwenyewe. Hakuna anayewalipa wala anayewalazimisha, na ndiyo maana swali la mpwa wangu nililiona zito. Sharti la kulazimishwa tumelizoea wote tangu shuleni. La kujichagulia hutufika mara chache, na la kwanza hukufundisha namna ya kuchagua mengine yote.

Kumbe alikuwa ameshachagua, anatafuta baraka tu. "Bila bomu," akasema. "Ndilo linaloheshimika."

Nikamwomba anionyeshe mchezo wake wa jana, maana gemu hili hutunza mchezo ukautazama upya. Tukakaa, mimi na daftari. Alikufa mara tano. Mara nne kati ya hizo alikuwa na mabomu yote matatu, hajayagusa. Na sheria ya gemu iko wazi: ukifa, laifu inayofuata inakuja na matatu yake mapya. Yale uliyokufa nayo hayajumlishwi popote.

"Mjomba," nikamwambia, "mbona wewe tayari hutumii bomu?"

Nilipokuwa mtoto nilitangaza nyumbani kwamba Kwaresima ile nitaacha nyama. Mama, aliyejua vizuri kwamba nyama isingeonekana kwetu kabla ya Pasaka, hakunicheka. Aliniuliza kama nimeshamsalimia shangazi niliyenuniana naye tangu Krismasi. Siku ya tatu nilikwenda kwa shangazi, na njia ile fupi sijaisahau hadi leo.

Huku kwetu ukizungumza habari ya kujiwekea sharti, watu wanamtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, walianza watu 75 wakamaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani giza linaingia, goti limefungwa bandeji, baada ya kuanguka njiani. Wazee humsimulia kama mtu aliyeshinda maumivu. Mimi kila nikimfikiria naona kwamba alijua kuchagua. Medali ilikuwa imekwenda, na kwa goti lile kasi asingeweza kumwahidi mtu. Kilichobaki mikononi mwake ni kufika, akakishika hicho.

Mpwa wangu naye alishika nini? Gemu hili kwa kiwango cha kawaida amelifikisha mwisho, lakini kwa kuomba kuendelea kila laifu zinapokwisha, na ukifika kwa njia hiyo linakupa mwisho mbaya. Kufika bila kuomba hajaweza. Hilo lipo mkononi mwake kabisa, lakini anaruka kwenda kwenye sharti la watu waliomtangulia miaka mingi.

Hapo nikamsimulia habari ya babu yake, ambayo mama yake hapendi kuisimulia.

Mwaka mmoja wa ukame baba alikuwa na madume sita. Wachuuzi walikuja wakati nyasi bado zipo kidogo, wakataja bei, akaiona ndogo. Akangoja. Mwezi uliofuata bei ilishuka, akaona afadhali angoje mvua. Baba hakuwa mchoyo. Aliwapenda ng'ombe wake, na aliogopa kwamba mbele kuna siku mbaya kuliko hiyo, siku atakayowahitaji zaidi. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa ile, hakuitambua. Dume la mwisho nililishika miguu mimi alipokuwa akilichuna, na ngozi ilitoka imeshikana na mifupa. Hakuna aliyetaka kulichukua hata bure.

Mpwa wangu akanyamaza muda mrefu. Kwenye skrini binti alikuwa amesimama, mabomu matatu yanang'aa pembeni.

"Sharti lako la kwanza," nikasema, "ni kutokufa na bomu mkononi."

"Hilo si sharti, mjomba. Hilo ni ruhusa."

"Lijaribu."

Usiku wa kwanza kidole kilikataa. Niliona kabisa risasi zikimfunga, nikaona anajua zinamfunga, na bado akaamini atapenya. Akafa na matatu. Usiku wa pili akaanza kuyarusha ovyo mapema, kwa hasira, hata pasipo na hatari, na hilo nalo tukaliandika. Kwa maoni yangu sharti hili ni gumu kuliko lile alilolitaka. Bila bomu unahitaji vidole vyepesi. Bomu la wakati wake linakutaka ukiri, kabla hujaguswa, kwamba hapa umezidiwa, na ukiri bila kusubiri kuonekana shujaa.

Usiku wa nne alifika kwa bosi wa hatua ya tano bila kuomba kuendelea. Akafa hapo. Alichukua daftari mwenyewe, akaandika: hatua ya 5, mabomu 0. Akaipigia mstari ile sifuri.

Mimi nilichelewa kulala. Mwezi wa kumi unaishia, juu ya Mlima Hanang hakuna wingu, na wiki iliyopita mchuuzi alinitajia bei ya dume langu la kijivu nikaiona ndogo. Lile dume bado lina nyama mgongoni. Asubuhi nilimwambia mpwa wangu alitenge na kundi, tunalipeleka mnadani.