Ukuta wa Dari na Mlango Uliofungwa

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika Torati iko sheria fupi ambayo huenda wengi wetu hatujaisikia ikihubiriwa hata mara moja. Yasema kwamba mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo kwenye kingo za dari yake, ili mtu akianguka kutoka juu, hatia ya damu isiwe juu ya nyumba ile. Dari za Wayahudi zilikuwa paa bapa. Watu walipanda huko kupunga upepo, kuanika kitani, hata kusali, kama Petro alivyofanya kule Yafa. Waliowahi kulala katika nyumba za zamani za Unguja au Lamu wataelewa upesi.

Sheria hiyo imekaa kati ya habari za viota vya ndege na mbegu za shamba la mizabibu, nasi huipita mbio. Lakini tazameni. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakuwa na chuki naye. Pengine alikuwa amelala zake chini. Hata hivyo anahesabiwa damu, kwa sababu ya ukuta ambao hakuujenga.

Nataka twende na somo hilo mpaka Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Miji ya nchi ile ilikuwa ikikua kwa haraka ya ajabu. Mamilioni ya wahamiaji walishuka melini kutoka Italia, Urusi na kwingineko, wakaingia viwandani pamoja na watoto wao. Walikuwapo Wamarekani walioona kwamba hali hiyo haimpendezi Mungu wala haifai kwa nchi, wakataka matengenezo: walimu, waandishi, wachungaji, na akina mama kama Jane Addams, aliyekuwa amefungua nyumba ya huduma kati ya maskini wa Chicago mwaka 1889. Walisikilizwa kidogo kidogo. Ndipo ikaja Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, mjini New York.

Palikuwa na jengo la ghorofa kumi, na ghorofa tatu za juu zilikuwa za kiwanda cha Triangle, kilichoshona blauzi za wanawake. Wafanyakazi walikuwa kama 500, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitalia. Ilikuwa imebaki kitambo kidogo tu wafunge kazi, moto ukazuka ghorofa ya nane, katika mabaki ya vitambaa. Wa ghorofa ile wengi waliponyoka. Wa ghorofa ya kumi, pamoja na wenye kiwanda wenyewe, walipanda paani wakavukia jengo la jirani. Wa ghorofa ya tisa walichelewa kupata habari. Wakakimbilia mlango wa ngazi, wakaukuta umefungwa kwa ufunguo. Desturi ya kiwanda ilikuwa watu watoke kwa mlango mmoja tu, mikoba yao ikaguliwe, asije mtu akaiba kitambaa.

Ngazi ya chuma ya nje ilipinda, ikaanguka pamoja na waliokuwa juu yake. Waendesha lifti walipanda na kushuka, wakaokoa wengi, mpaka lifti zikashindwa. Zimamoto walifika upesi, lakini ngazi yao iliishia ghorofa ya sita. Basi wasichana wakaanza kuruka kutoka madirishani, wengine wameshikana mikono. Kwa muda usiofika nusu saa walikufa watu 146. Wadogo kabisa walikuwa na umri wa miaka 14.

Jengo lenyewe halikuteketea. Lilikuwa limejengwa lisishike moto, na lipo hata leo, ni la Chuo Kikuu cha New York.

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa. Desemba ya mwaka uleule wakaachiliwa, maana haikuthibitika kwamba walijua mlango ule umefungwa saa ileile. Mwaka 1914 jamaa waliofungua kesi ya madai walipewa fidia ya dola 75 kwa kila marehemu. Kabla ya hapo, mwaka 1913, Blanck alikuwa ameonekana tena kiwandani kwake na mlango umefungwa, akatozwa faini ya dola 20. Mimi si mwanasheria. Lakini Musa hakuuliza kama mwenye nyumba alijua. Aliuliza kama ukuta upo.

Katika umati uliosimama chini siku ile alikuwapo mwanamke mmoja, Frances Perkins, mwenye miaka 30. Alikuwa amealikwa chai katika nyumba ya jirani, akasikia kelele za zimamoto, akakimbia kwenda kuona. Huyu ni wa nyumba yetu. Mwaka 1905, alipokuwa akifundisha shule ya wasichana huko Lake Forest, karibu na Chicago, alipokea kipaimara katika Kanisa la Kiepiskopali, ambalo ndilo la Anglikana huko Marekani. (Mtanisamehe nikitaja kwa fahari kidogo kwamba alikuwa mwalimu.) Naye alikuwa amefundishwa vema. Chuoni Mount Holyoke, Bi. Annah May Soule, mwalimu wake wa historia ya uchumi, aliwatuma wanafunzi viwandani wakaone kwa macho yao jinsi watu wafanyavyo kazi. Sisi tuliofanya kazi katika vyuo vya ualimu twajua ni vigumu kiasi gani kumtoa mwanafunzi nje ya daftari lake.

Watu wengi walilia juu ya wafu wa Triangle. Maelfu kwa maelfu walitembea mvuani siku ya maombolezo. Perkins naye bila shaka alilia, lakini baadaye alikwenda kwa wanasiasa. Mwaka uleule Bunge la jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, chini ya Robert Wagner na Al Smith. Wote wawili walikuwa watu wa Tammany, kundi la siasa la mjini lililojulikana sana kwa rushwa. Mkristo mwenye kujihesabia haki angalikunja pua. Yeye aliwachukua akawaonyesha. Siku moja Wagner alilazimika kutambaa kupitia tundu la ukuta mpaka kwenye ngazi iliyoganda barafu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiitwa njia ya kuokokea moto. Waliwaona pia watoto wadogo wakiwa kazini. Nadhani ile barafu mikononi mwa mheshimiwa ilifanya kazi kuliko hotuba kumi.

Katika miaka michache zikapitishwa sheria zaidi ya 30. Milango ya viwanda isifungwe watu wakiwa ndani, na ifungukie nje. Pawe na mazoezi ya kutoka wakati wa moto. Majengo marefu yawe na mabomba ya kunyunyiza maji. Twaweza kusema kwamba ukuta wa dari ulianza kujengwa.

Tena mwaka 1912 alipigania sheria ya kwamba wanawake wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 54 kwa juma. Wanasiasa wakawaondoa wanawake wa viwanda vya kusindika mboga na matunda. Perkins alikubali hivyo hivyo, na baadhi ya wenzake wakamlaumu. Mimi naona alifanya sawa. Lakini hao wa viwandani mwa mboga wangekuwa na haki ya kunipinga.

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimfanya Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya nchi ile, akakaa miaka 12. Katika siku zake zilipatikana sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, na ile ya mwaka 1938 ya kima cha chini cha mshahara na kuzuia kazi ya watoto. Mara kwa mara alikwenda kwa Masista wa Watakatifu Wote huko Catonsville, Maryland, kwa mafungo ya kimya. Kanisa lake humkumbuka tarehe 13 Mei.

Hata hivyo, zile sheria za 1935 na 1938 hazikuwagusa vibarua wa mashambani wala watumishi wa nyumbani. Katika majimbo ya kusini, watu weusi wengi sana walikuwa katika kazi hizo mbili. Kwao ukuta ule haukujengwa, na si kwamba wajenzi hawakuona.

Wapendwa, haya si mambo ya Wamarekani peke yao. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, miaka tisini baada ya Triangle, wavulana 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, waliungua bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Moto uliwashwa kwa makusudi, na aliyeuwasha ana lake la kujibu. Aliyefunga mlango naye je?

Na huyo binti wa kazi tuliye naye nyumbani? Twamwacha na mtoto mchanga, twafunga kufuli kwa nje, twachukua ufunguo na kuja nao ibadani, tukisema ni kwa ajili ya wezi. Kule Triangle nako walisema ni kwa ajili ya wezi.

Sasa niseme la kanisani kwetu. Mlango mkubwa hufungukia ndani. Mlango wa pembeni umezibwa na viti vya akiba, na mkesha wa Krismasi huwa tumejaa mpaka barazani, watoto wameshika mishumaa. Nimemwomba Padre, naye amekubali, jambo hili liletwe mbele ya halmashauri ya mtaa mwezi huu, na fundi aitwe atazame bawaba. Viti twaweza kuviondoa wenyewe Jumamosi. Ufunguo wa mlango wa pembeni uko kwa mzee wa zamu. Namwomba kuanzia Jumapili ijayo autie katika kitasa kabla ya kengele ya kwanza.