Kuomba moto wakati wa baridi

Watu wa mbali wakisikia jina la Kongo wanafikiri joto tu. Hao hawajalala Likasi mwezi wa saba. Mji wetu uko juu, karibu mita 1300, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi. Mchana jua linawaka, mtu anavua koti lake. Jua likisha kushuka, baridi inaingia, na katika usiku wa mwezi wa sita na wa saba kipimo kinashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Kwa mtu wa Ulaya mwenye mashine ya joto ndani ya nyumba, hayo ni maneno ya redio. Kwetu sisi ni maneno ya mifupa.

Nyumba zetu hazikujengwa kwa kufikiria baridi. Kule Kikula nyingi ni za matofali, na juu ni manjanja, ndiyo mabati. Kati ya ukuta na manjanja unabaki mwanya, na upepo wa kusini-mashariki unapita humo kama mgeni aliyealikwa. Panda na Shituru, katika kambi zilizojengwa na Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake, nyumba zilikuwa na mwenye kuzitunza. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines; miaka ya 1990 kazi ikaanguka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Neno hilo « hiari » ningependa siku moja mtu aliandikie insha yake. Tangu hapo kioo kikivunjika, fundi haji. Tunaweka kartoni.

Umeme? Mtambo wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, hauko mbali na sisi, nao ulianza mwaka 1930. Ulijengwa kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya vitanda vyetu. Waya zinapita juu ya vichwa, na chini yake watu wanawasha makala.

Basi mama wa nyumba asiye na pesa anafanya nini? Anaziba mwanya kwa udongo na magunia, anaweka kitambaa chini ya mlango, analaza batoto bote kwenye godoro moja, anapasha tofali na kulifunga katika nguo kuukuu ili wagonjwa na wazee waliweke miguuni. Hayo kila mtu anayajua. Juu ya yote kuna mbabula, jiko letu la makala. Ndiyo ninayotaka kuisema, pamoja na desturi inayoizunguka: kuomba moto.

Desturi yenyewe ni nyepesi. Jioni mbabula inawashwa nje. Mwenye kuwahi kuwasha ndiye mwenye moto wa njia nzima. Mtoto anatumwa na sahani ya zamani au kipande cha bati, anapiga hodi: « Mama, mama anasema umupatie moto kiloko. » Unamchagulia makaa mawili matatu mekundu, anakimbia nayo huku anapuliza vidole. Hakuna deni, hakuna asante ndefu. Bankambo betu walisema moto haunyimwi. Hata adui alipewa.

Na moto haukuwa kitu cha jikoni peke yake. Katika ufalme wa Waluba, watawala wa mbali walipokea makaa ya moto kutoka makao ya Mulopwe, na moto ule ulikuwa alama ya kwamba wamefungwa naye. Aliyepokea kaa alipokea pia undugu na utii. Kwa hiyo mtoto yule na sahani yake anabeba zaidi ya kile anachokijua.

Sasa swali langu ni hili: desturi ambayo haikuwagharimu wazee kitu, je, inatufunga sisi ambao inatugharimu?

Tuseme ukweli. Kambo yangu alichoma kuni alizookota mwenyewe porini. Gogo lililowaka upande mmoja linaweza kuwasha magogo kumi, nalo halipungui. Makala siyo hivyo. Makala tunanunua, na asiyekuwa na pesa ya gunia ananunua kwa ndobo, na asiyekuwa na pesa ya ndobo ananunua kwa mfuko mdogo wa plastiki, ndiye anayelipa ghali kuliko wote akipimia kwa kilo. Kila kaa ninalotoa nimelitolea faranga. Tena limetoka mbali. Katika tanuru ya udongo kuni kilo 100 zinatoa makala kilo 10 mpaka 20 tu, na pori la miombo lililokuwa karibu na mji tumelila. Leo baiskeli za makala zinatoka mbali zaidi kila mwaka. Makaa matatu katika sahani ya mtoto ni tawi zima la mti.

Mtu anaweza kusema basi: wazee walikuwa wakarimu kwa sababu ukarimu ulikuwa bure, na sisi tusidanganyane. Nilipata kusema hivyo mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu. Nasimulia kilichofuata, ijapokuwa hakinipendezi.

Ilikuwa mwezi wa saba, siku za upepo. Makala yalibaki ya jioni ile na ya asubuhi. Msichana wa jirani akaja na sahani yake. Nikamwambia: « Hatuna na makala leo, mwanangu. » Mbabula ilikuwa nyuma yangu, nyekundu kama jua la jioni. Aliiangalia. Mimi niliona kwamba ameiangalia. Akajibu: « Haya, mama », akaenda.

Usiku ule kwao waliwasha makala yao ya mwisho, vumbi na vipande vibichi, wakaona baridi imezidi, wakaingiza mbabula ndani wakafunga mlango. Makala yanayowaka, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Anayelala nayo katika chumba kilichozibwa anaweza asiamke, na mtu asidhani kwamba kusubiri makaa yakolee kunaondoa hatari. Karibu na alfajiri mama yule aliamka na kichwa kinachopasuka, akatapika, akapata nguvu ya kufungua mlango na kuwavuta batoto nje. Waliishi wote. Ule mwanya wa juu, ambao juma zima alikuwa akilalamika kwamba hana kitu cha kuuzibia, ulikuwa bado wazi.

Je, nilikuwa na kosa? Nilipowauliza watu wa nyumbani, walinituliza: « We hukuingiza mbabula yao ndani. » Ni kweli. Tena kama ningempa makaa matatu, labda wangeyaingiza vilevile. Yaliyotokea baadaye siwezi kujihesabia yote, na mtu anayejihesabia yote naye anajitukuza, anajifanya Mungu wa njia yake.

Lakini ukiondoa ile hewa ya sumu, ukisema kwamba wamelala vizuri na kuamka vizuri, bado kinabaki kitu. Sikumwambia mtoto « makala ni kidogo, siwezi kugawa ». Nilimwambia hayapo, naye anayaona. Kwa kunyima makaa nilinyima faranga kidogo. Kwa kusema hayapo nilimwambia kwamba kati ya nyumba yangu na yenu hakuna tena maneno ya kweli. Naona hicho ndicho bankambo walichokuwa wakikilinda kwa kukataza kunyima moto. Walijua kwamba anayekuja kuomba kaa anakuja kwanza kuonyesha uso wake mlangoni, jua linapokwisha: sisi tuko, bado hatujalala, ninyi muko? Siku mtoto asipotumwa, mtu anauliza kuna nini kule. Tukiondoa desturi kwa kuwa makala ni ghali, tunaondoa na kile kilichokuwa hakinunuliwi.

Hapo sijamaliza swali, kwa sababu makala yamebaki ghali. Mwenye batoto sita hawezi kugawa kila jioni mpaka yake izimike. Hakuna mkubwa aliyefundisha hivyo. Nimefikiri kwamba badala ya moto kutoka kwenda kwa jirani, jirani aje kwenye moto. Mbabula moja nje, kati ya milango miwili, inapasha watu kumi kwa makala ya watu watano. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Kisichoingia katika hesabu ni haya. Anayeomba kaa anarudi kwake, anawasha, na mpita njia anaona nyumba yenye moto wake. Anayekaa kwenye mbabula ya mwingine anaonyesha njia nzima kwamba kwake hakuna. Kumbe ile sahani ndogo ilimsaidia kwa siri, ikamfichia umaskini wake. Wale wanaosema « tukae tu pamoja kama zamani » wengi ni wenye mbabula. Kukaribisha ni kwepesi. Kukaa ndiko kugumu, na sijui kama ninayekaribisha nina haki ya kumlaumu anayekataa.

Mwaka uliofuata nilianza kuweka mbabula kwenye ile nafasi kati ya nyumba zetu. Siku ya kwanza nilituma mtoto kumwita mama jirani. Akajibu kwamba ana kazi. Siku ya pili, kazi. Sikutuma tena. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, giza lilikuwa limeshaingia, amejifunika kitenge mpaka masikioni, batoto nyuma yake. Mkononi alishika sahani ile ile ya zamani, na ndani yake vipande vitatu vya makala, vyeusi, havijawashwa. Akasema: « Jambo yenu. » Nikavipokea, nikaviweka juu ya yangu, nikasogeza kiti.