Ringi, Zege na Kudra

Kazi ya Mungu haina makosa. Ndivyo wafiwa wanavyofarijiwa, mjini Runzewe kama kwingineko, na mara nyingi faraja hiyo huingia moyoni. Huanza kukwama pale marehemu alipofukuliwa chini ya zege. Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Kazi ile ilikuwa ya nani?

Fundi nondo ana la kusema hapa kabla ya shehe na padri. Tazama daraja ambalo boriti zake zimemwagwa kiwandani, zikapandishwa kwa winchi, kisha slabu ikamwagwa juu yake palepale. Zege la boriti limekomaa. La slabu bado bichi, nalo litasinyaa. Lori likipita, na njia ya Runzewe kwenda Rusumo haikosi malori, slabu hutaka kuteleza juu ya boriti. Kinachoishika ni ringi za nondo zilizoachwa zikichomoza mgongoni mwa boriti na kuzama vya kutosha ndani ya slabu, pamoja na uso wa boriti ulioachwa ukiparuza. Mbao mbili za unene mmoja zikilazwa tu moja juu ya nyingine hubeba nusu ya mzigo ambao zingebeba zikiwa zimeunganishwa zisiteleze; kwa mzigo uleule, hupinda mara nne ya zilizounganishwa.

Ringi zikikatwa fupi, nani atajua? Zege likishamwagwa, basi.

Vitabu vya dini havimpi fundi pa kujificha. Kumbukumbu la Torati 22:8 humtaka mjenzi wa nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Katika Hadithi iliyomo kwa Tirmidhi, Mtume anamwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali. Kudra haikanwi popote hapo. Ila kamba ya kufungia ameachiwa binadamu.

London, tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, lililounganishwa kwa kuta za zege za kiwandani. Kona nzima ilianguka, watu 4 wakafa. Mlipuko waweza kuitwa ajali. Kona nzima kuufuata ni habari ya viungo, na mwaka 1970 kanuni za ujenzi za Uingereza zilibadilishwa kwa sababu hiyo. Jengo lenyewe lilikarabatiwa, watu wakarudi kuishi humo. Lilipobomolewa kipande kwa kipande mwaka 1986, baadhi ya viungo vilikutwa vimejazwa magazeti mahali pa saruji.